Maswali ya Wasomaji: Imla ya Kijerumani na Mada ya Teknolojia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza Kijerumani hatua ya B1, yaani ya kati. Nikisoma maandishi kuhusu simu na kompyuta ninayaelewa bila taabu kubwa, lakini mwalimu anaposoma imla juu ya mada hiyo hiyo, daftari langu hubaki na mapengo. Podikasti za Kijerumani nazisikiliza kila siku na bado sioni nafuu. Je, nifanyeje, na imla itanifaa katika mtihani? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Tatizo lako haliponi kwa kuongeza saa za kusikiliza. Podikasti inayopita masikioni ukiwa ndani ya daladala hukuzoesha mdundo wa lugha, lakini haikulazimishi kuamua ni neno gani hasa limesemwa, na hiyo ndiyo kazi ya imla. Chukua kipande kisichozidi dakika moja, chenye maandishi yake. Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, husoma taarifa za habari polepole kwa ajili ya wanafunzi, chini ya jina „Langsam gesprochene Nachrichten“; kiwango chake kimeipita B1 kidogo, kwa hiyo teua habari moja tu inayohusu teknolojia. Sikiliza kwanza bila kalamu, kisha andika sentensi moja moja, na mwishowe sahihisha kwa wino wa rangi nyingine, ukitenganisha makosa ya kusikia na makosa ya tahajia.

Makosa ya kusikia, kwetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili, mara nyingi hutokana na mkazo. Wetu hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio huutarajia hapo hapo katika lugha nyingine. „Datei“, yaani faili, hukazwa mwishoni kabisa, ilhali „Daten“, yaani data, hukazwa mwanzoni kwa irabu ndefu, na silabi yake ya mwisho karibu imezwe. Anayesubiri konsonanti pekee atayachanganya.

Upande wa tahajia, sisi tumezoea kuandika kama tunavyosikia, mazoea ambayo Kijerumani huyaadhibu. „Drucker“ (printa) na „Stecker“ (plagi) husikika kana kwamba yanaishia na „a“, na „d“ iliyo katikati ya „Bildschirm“ (skrini) husikika kama „t“. Maneno ambatano nayo huandikwa pamoja: „Ladekabel“, waya wa kuchaji, ni neno moja hata kama msomaji amepumzika kidogo katikati.

Maelekezo ya kutumia vifaa yanahitaji subira ya pekee. Katika sentensi „Schalten Sie bitte den Drucker nach der Arbeit aus“ (tafadhali zima printa baada ya kazi), anayeweka kalamu chini baada ya „Arbeit“ hajui kama ameambiwa awashe printa au aizime, kwa kuwa uamuzi wote umo katika „aus“ la mwisho; lingekuwa „ein“, maana ingegeuka kuwa washa. Tarakimu nazo zina mtego wake. Sisi husema mia mbili hamsini na sita, Mjerumani hutanguliza sita mbele ya hamsini, na ndiyo sababu simu ya gigabaiti 256 huishia kuandikwa 265 daftarini. Usiandike tarakimu moja moja zinavyokuja. Ngoja namba nzima itimie.

Kuhusu mtihani, ikiwa unakusudia Goethe-Zertifikat B1, mtihani wa Kijerumani wa Taasisi ya Goethe, hutaandikishwa imla. Sehemu ya kusikiliza ina vipengele vinne, navyo cha pili na cha tatu husikilizwa mara moja tu. Kwa hiyo imla ya kurudiarudia iwe mazoezi ya miezi ya mwanzo; wiki za mwisho kabla ya mtihani, sikiliza kila kipande mara moja, ujibu maswali yake, kisha ndipo ufungue maandishi kuona kilichokupita.