Tumbo Likibana Usiku: Uchungu wa Kweli na Ule Unaokurudisha Nyumbani

Mimba yangu ya kwanza nilikimbizwa hospitali mara tatu. Mara mbili nilirudi na tumbo langu vilevile.

Safari ya kwanza nilikuwa na wiki 36. Saa nane usiku tumbo likakaza kama ngoma iliyowambwa, nikamwamsha mume wangu, naye akaamsha nusu ya mtaa akitafuta bajaji. Tukatoka Kimara na beseni, kanga nne, chupa ya chai, na mama mkwe kaishikilia kadi ya kliniki kwa mikono miwili. Kufika, nesi akanilaza, akasikiliza mapigo ya mtoto, akaweka kiganja juu ya tumbo na kukaa kimya muda mrefu. Halafu akanipima njia.

"Mlango umefunga kabisa, mama. Leo umekunywa maji kiasi gani?"

Nikadhani ananitania. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda jikoni nikikaanga maandazi ya oda, joto la Januari la Dar unalijua, na kilichopita kooni ni chai ya asubuhi na nusu glasi ya juisi. Nikapewa maji, nikaambiwa nilale ubavu wa kushoto. Haikupita saa moja tumbo likatulia, likawa laini kama si lile lililoniliza njiani.

Kile kitu wakunga wetu wanakiita uchungu wa uongo. Kwenye vitabu utakuta jina la Braxton Hicks, daktari wa Kiingereza aliyekieleza mwaka 1872, ingawa sina shaka wanawake walikuwa wanakijua tangu zamani na hakuna aliyewauliza. Mimi hilo neno "uongo" silipendi. Tumbo linabana kweli, unaweza kuliona kwa macho likipanda na kuwa gumu. Kinachokosekana ni kazi: misuli inakaza na kuachia, lakini mlango wa kizazi hausogei. Uchungu wa kweli unaufungua ule mlango, sentimita kwa sentimita, hadi kumi.

Sasa wewe ukiwa kitandani kwako huwezi kuziona hizo sentimita. Ndiyo maana wengi wetu tunaangalia maumivu: linauma sana, basi tayari, linauma kidogo, bado. Hapo ndipo nilipokosea mimi, mara mbili, tena kwa namna mbili tofauti. Ukali wa maumivu ya dakika hii haukwambii kitu. Cha kuangalia ni kama yanakwenda mbele: yanakaribiana, yanarefuka, yanazidi nguvu. Na hilo huwezi kulijua kwa kulia, unalijua kwa saa.

Safari ya pili, wiki 38, saa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeandika nyuma ya bahasha ya ultrasaundi, na bahasha hiyo ninayo hadi leo. Nafasi kati ya bano moja na jingine zilikuwa hivi: dakika 12, 25, 7, 40, 9. Nilipoiona ile 7 na ile 9 nikasema ndiyo hii. Nesi (mwingine, mdada mdogo tu, sauti ya upole) aliisoma bahasha akatabasamu. "Ona hapa, 40. Uchungu wa kweli haupumziki dakika 40 halafu ukarudi kwa 9." Akaniuliza kama nilijaribu kutembea. Nilikuwa nimejaribu, na nikitembea linapungua. Nilikuwa nimeoga? Ndiyo, baada ya kuoga nilipata hata usingizi kidogo. "Basi mwili unajinoa tu. Nenda nyumbani."

Siku nne baadaye nikaandika upande wa pili wa bahasha ileile: 14, 12, 12, 10, 9, 7, 7, 6, 5. Ilianzia kiunoni kwa nyuma, ikawa inazunguka kuja mbele chini ya kitovu, kama mtu anakufunga mkanda na kila mara anaongeza tundu moja. Nilioga, haikujali. Nilitembea uani, ikazidi. Nililala kushoto, ikanifuata huko huko. Mwanzoni nilikuwa naongea huku limebana. Kufikia zile 6 na 5 mama mkwe aliniuliza kitu nikamwinulia mkono asubiri, sikuweza kumaliza sentensi. Hapo hakuna aliyehitaji kuniambia.

Jinsi ya kuhesabu nieleze vizuri, maana wengi tunaikosea. Nafasi inahesabiwa tangu bano linapoanza hadi linalofuata linapoanza. Usianze kuhesabu pale linapoachia. Pembeni yake andika na urefu wa bano lenyewe, sekunde ngapi tangu likaze hadi lilegee. Kwa mimba ya kwanza, mkunga wangu alinipa kipimo hiki: kila dakika 5, kila moja likikaa kama dakika nzima, na hali hiyo ikiendelea kwa saa nzima, nenda. Lakini hicho ni kwa mtu anayeishi karibu na hospitali, mimba yake haina tatizo na wiki 37 zimeshapita. Ukikaa mbali, au ukiwa na foleni ya Morogoro Road kati yako na wodi ya wazazi, ondoka mapema zaidi. Kama umewahi kujifungua kwa upasuaji, una mapacha, presha, au mtoto amekaa vibaya, hizo 5 usizisubiri hata kidogo. Uchungu ukianza, wewe toka.

Na kama hujui kama tumbo limebana au mtoto amegeuka tu, tumia vidole. Bonyeza shavu lako, halafu bonyeza paji la uso. Tumbo lililotulia linabonyea kama shavu. Likibana sawasawa ni gumu kama paji, kote, juu hadi chini. Mtoto akisukuma mguu unapata ugumu upande mmoja tu.

Kabla hujaanza kuhesabu, fanya mambo madogo ambayo mimi sikuyafanya usiku ule wa kwanza. Kojoa, kibofu kikijaa tumbo hubana. Kunywa maji glasi mbili. Kama ulikuwa umesimama, lala. Kama ulikuwa umelala, tembea kidogo. Kazi nyingi za siku, jua, hata tendo la ndoa, vyote vinaweza kuleta mabano ya jioni yanayokwisha yenyewe. Na ukisikia maumivu wakati wa kukojoa pamoja na hilo bano, usilipuuze, peleka mkojo ukapimwe. UTI inabana tumbo la mjamzito na inaweza kuuleta uchungu wa kweli kabla ya wakati.

Ule ute mzito wenye michirizi ya damu nao unatuchanganya. Ukitoka, maana yake mlango unajiandaa, lakini mwingine anajifungua siku hiyohiyo na mwingine anakaa hata wiki. Mimi ulinitoka asubuhi ya kupimwa njia kliniki, nikapiga simu kwa kila mtu, kumbe kupimwa kwenyewe huweza kuacha damu kidogo.

Chupa ikipasuka ni habari nyingine. Hapo hesabu imekwisha, unakwenda hata kama hakuna maumivu yoyote. Ukiwa huna uhakika kama ni maji au mkojo (miezi ya mwisho tunavuja, tusidanganyane), vaa pedi safi, tembea kidogo, uangalie. Mkojo una harufu yake na unakatika; maji ya chupa yanaendelea kutiririka kila ukisimama. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, ina maana mtoto amejisaidia tumboni, basi usingoje hata kuoga.

Kuna mambo mengine ambayo ukiyaona, bahasha na kalamu weka chini. Damu mbichi inayotoka kama hedhi. Tumbo lililokaza likagoma kabisa kuachia. Mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza. Kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, hizo ni dalili za kifafa cha mimba na zinaua. Homa. Na mabano yanayojirudiarudia kabla ya wiki 37, hata kama hayaumi sana. Kwa sababu hiyo safari yangu ya kwanza ya wiki 36, pamoja na kwamba majirani waliicheka, nesi aliniambia nilifanya sawa kabisa kuja.

Tatizo ni kwamba kile kicheko kilinikaa. Mimba ya pili nikajiapiza safari hii sichekwi. Mabano ya uongo yalianza mapema zaidi kuliko ya kwanza na yalikuwa mengi, nikayazoea, nikawa nakaanga maandazi yangu huku natukana kimoyomoyo. Wiki ya 39, Jumamosi, nikafua mapazia. Jioni kiuno kikaanza kuuma. Mbele hapakuwa na kitu cha maana, kiuno tu, kinakuja kinaondoka, nikasema mapazia hayo. Wifi yangu akaniambia, "Mbona unashika meza kila baada ya muda?" Nikamjibu kwamba nimechoka. Sikuhesabu kitu. Mimi, mwenye bahasha! Saa nne usiku nikainama kuokota kijiko, chupa ikapasuka papo hapo jikoni, na bano lililofuata lilinipiga magoti. Dereva wa bajaji alipita kila tuta akisema "samahani mama". Nilipimwa njia nikiwa na sentimita 9, mtoto akatoka kabla mume wangu hajamaliza kuandikisha jina langu pale mapokezi.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye mimba ya pili au ya tatu: mtoto wa pili mara nyingi anakuja kwa kasi kuliko wa kwanza, na uchungu wa wengine unakaa mgongoni tu. Maumivu ya kiuno yanayokuja kwa zamu yahesabu kama mabano. Kiuno cha uchovu kinauma mfululizo, hakina ratiba.

Jambo la mwisho ni la dawa. Wiki zile za mwisho kila mtu anakuwa mkunga. Bamia na mlenda wanakwambia mtoto atateleza. Kula tu, ni mboga nzuri, haidhuru. Lakini nililetewa pia mizizi ndani ya chupa ya maji ya Kilimanjaro, nikaambiwa nikinywa uchungu wa uongo utageuka wa kweli. Mwingine akaja na mafuta ya nyonyo. Nilimuuliza mkunga wangu, akaacha kuandika. Akasema hospitali wenyewe wakiongeza uchungu wanatumia dripu, wanahesabu matone na kusikiliza mapigo ya mtoto muda wote, kwa sababu ukizidi tumbo linabana bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. "Hiyo chupa yako nani kahesabu matone?" Nilimshukuru shangazi aliyeileta, kwa heshima zote, nikaimwaga nyuma ya choo. Na kama umeshakunywa kitu, mwambie nesi bila aibu. Anahitaji kujua kuliko anavyohitaji kukugombeza.

Kugombezwa kupo, sitakudanganya. Nimeshawahi kuambiwa "wewe tena?" mbele ya wodi nzima. Nilijibu, "Mimi tena, shikamoo," nikapanda kitandani nikapimwa. Sentimita sifuri, mapigo ya mtoto mazuri, nikarudi nyumbani nikalala usingizi ambao nisingeupata kwa kubaki nahangaika gizani.

Mimi ni mama wa watoto wawili na muuza maandazi, mambo ya vipimo mwachie mkunga wako. Ila kuanzia wiki ya 36 kaa na hivi mkononi: kadi ya kliniki na mfuko wako mlangoni, kalamu na karatasi karibu na mto, simu yenye chaji, hela ya nauli usiyoigusa kwa vitunguu. Na namba za madereva wa bajaji ziwe mbili, maana yule wa kwanza usiku wako atakuwa amezima simu.