Ndoto Zako, Jasho la Mkeo

*Shangazi, mimi ni mtu wa maono, mke wangu ni mtu wa hesabu. Mwaka 2019 niliacha kazi ya kutoa mizigo bandarini kwa kuwa dhamiri ilikataa hongo. Tangu walipotupunguza, nimekuwa nikipanga kufungua maktaba ya watoto mtaani kwetu. Mke wangu anauza mahamri na mbaazi, na kila nikimweleza mipango yangu yeye huniuliza kodi ya nyumba. Juzi nimegundua anaficha pesa kwenye chama cha wanawake. Nimfanyeje na yeye ajue kuota? – Mwenye Maono, Mishomoroni*

Mwanangu, pole kwa upweke ulio nao nyumbani mwako. Sasa tuseme kweli. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini leo la mkeo lipo, nitalisema mimi.

Aliyeacha kazi kwa hiari yake haandiki "walipotupunguza". Mwaka 2019 naujua. Ndipo ilipotoka amri makontena ya kwenda bara yapande treni ya SGR yakatolewe Nairobi, na hapa Mombasa makarani, madereva, makuli na mama ntilie wakabaki mikono mitupu. Kama kweli ulikataa hongo, Mungu akulipe, hilo ni jambo kubwa. Lakini kazi iliondoka na treni, mwanangu, na kupunguzwa si aibu hata ukajificha nyuma ya dhamiri. Septemba 2022 amri ile ikaondolewa, utoaji wa mizigo ukarudishwa bandarini, na wenzako wakaanza tena kugonga milango. Barua yako nimeisoma mara mbili. Sijaona mlango uliogonga wewe.

Na hiyo chama. Pesa ya chama haifichwi, inachangwa mbele ya wenzio, halafu unangoja zamu yako. Mwanamke anayekanda unga usiku, alfajiri mafuta yako motoni, kisha akatoa sehemu ya faida leo ili aipokee miezi ijayo, wewe wasema hajui kuota? Huyo anaiamini kesho kuliko wewe. Tofauti ni kwamba yeye kesho yake anailipia.

Ukitaka kumjua mtu wa maono, panda matatu uende Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya saruji, mawe matupu ya matumbawe, jua kali, hakuna udongo. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda cha saruji, akakusudia kupageuza msitu. Alijaribu aina 26 za miti, zikasimama 3 tu, mvinje ukiwamo. Hakukaa kuilaumu ardhi, akapanda mivinje. Majani yake yalipokataa kuoza, akaleta majongoo wayatafune yawe udongo. Leo watoto wa shule huenda pale kulisha twiga. Ndoto na hesabu zilikaa katika kichwa kimoja. Nyinyi mmegawana, wewe ukachukua tamu, ukamwachia mwenzio chungu.

Na si wewe peke yako. Vijana wa siku hizi, wake kwa waume, mmejazwa maneno na simu: ota ndoto kubwa, waepuke wasiokuamini. Nani kawaambia mke anayeuliza kodi hamwamini mumewe? Zamani wazee wakipeleka posa, waliulizwa kijana anafanya kazi gani, na swali halikumvunjia mtu heshima. Siku hizi mwenye kuuliza huitwa mkatisha tamaa. Mwenye nyumba naye mwisho wa mwezi hapokei maono.

Maktaba yenyewe naipenda, nakwambia kwa moyo mmoja. Watoto wa Mishomoroni wanastahili vitabu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na maktaba haianzi kwa jengo wala kwa wafadhili. Tandika mkeka barazani Jumamosi, weka vitabu vyovyote ulivyo navyo, waite watoto wa majirani uwasomee. Wakija kumi, una maktaba. Siku nyingine sita, nenda bandarini ukaulize kazi, hata ya kibarua, na usiku umsaidie mkeo kukanda.

Ukipata mshahara wa kwanza, lipa kodi kabla hajauliza. Pesa za chama ni zake, usimsemeshe. Na ule msemo kwamba hajui kuota, umwombe radhi kwa kuusema.