Ukipiga picha gari la silva, usivae shati jekundu

"Silva haina kazi, kaka. Ukiipiga maji tu imetoka."

Niliambiwa hivyo na kijana mmoja wa kuosha magari pale Mwenge, Dar es Salaam, siku ya kwanza nilipokabidhiwa Nissan Fairlady Z ya mteja niisafishe na kuipiga picha za kuuzia. Nikamwamini. Mtu uliyezoea mateso ya gari jeusi, unalifuta saa mbili na saa nne limeshajaa vumbi, unaiona silva kama likizo. Nikaosha, nikakausha, nikaenda nalo Coco Beach, nikapiga picha zaidi ya mia. Jioni mwenye gari akanipigia simu, sauti imekauka: "Mbona mlango wa dereva una wekundu? Kuna mtu kaligonga?"

Halikugongwa. Nilivaa shati jekundu.

Tangu siku hiyo naichukulia silva kama rangi ya kuazima. Ukiiegesha chini ya anga tupu inakuwa ya bluu, karibu na majani inavuta ukijani, kwenye barabara ya vumbi tumbo la milango linakuwa la kahawia. Sababu iko ndani ya rangi yenyewe. Imechanganywa na chembe ndogo sana za alumini zilizolala bapa kama magamba ya samaki, kisha juu yake inapulizwa klia, lile tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi. Kwa hiyo una vioo vidogo visivyohesabika vilivyofunikwa na kioo kimoja kikubwa. Kuna kisa maarufu kwamba mwaka 1934 Mercedes-Benz walikwangua rangi nyeupe ya gari lao la mashindano, W25, usiku wa kuamkia mbio za Nürburgring, ili lisizidi kilo 750 zilizoruhusiwa, likabaki bati tupu la alumini. Wanahistoria wanakibishia kisa hicho, lakini jina la Mishale ya Fedha walilopewa magari yao ya mashindano limebaki, na alumini bado imo kwenye silva ya leo.

Sasa usafi. Silva haiondoi uchafu, inakuzuia tu usiuone. Kamera inauona. Adui wa kwanza hapa Dar ni maji yenyewe. Sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Yakikaukia juu ya bati yanaacha madoa ya duara. Saa sita mchana huyaoni kabisa. Ukija kufungua picha ya jioni kwenye kompyuta, boneti zima lina ndui. Mimi naosha kwa maji yoyote yaliyopo lakini suuza ya mwisho ni ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua, na ninakausha hapo hapo kwa taulo la maikrofaiba, kivulini. Madoa yaliyokwishaganda nayapangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, bati likiwa la baridi, halafu nasuuza haraka. Sabuni ya unga ya kufulia iache nyumbani, inaondoa nta yote uliyoipaka.

Kinyesi cha kunguru usikisubirishe hata siku moja. Kinakula klia, na alama yake haitoki kwa maji.

Halafu kuna vidoti vya rangi ya kutu. Kwenye gari jeusi huvioni, kwenye silva vinaonekana kama mtu amenyunyizia chai, hasa nyuma ya matairi na kwenye bampa la nyuma. Ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, limejichoma kwenye klia na kuota kutu. Kuvigundua, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya bati lililooshwa. Ukisikia kama msasa, vimo. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo natumia ule wa mkate.) Dawa yake ni ule udongo laini wa kusafishia rangi: unalowesha bati kwa maji ya shampuu, unateleza nao taratibu bila kukandamiza, na ukikudondoka chini unautupa. Usiuokote. Utakuja kuchora mlango mzima kwa punje moja ya mchanga.

Polishi ya mashine naifanya mara chache. Klia ya kiwandani ni nyembamba, mara nyingi mikroni 40 hivi, wakati unywele wa mtu unaweza kufika 70. Kila ukipiga polishi unapunguza, na haikui tena. Washa tochi ya simu usiku, isogeze karibu na bati. Ukiona mikwaruzo imezunguka mwanga kama utando wa buibui, hapo ndipo silva inapokosa ule mng'ao wa chembe, inakuwa kama sufuria ya zamani. Polishi laini, pasi moja au mbili, kisha nta. Basi.

Ile Fairlady ilinifundisha na jambo jingine, na hili ni kwa wanunuzi pia. Bampa la mbele lilikuwa limepigwa rangi upya. Ukisimama mbele yake, uso kwa uso, huoni tofauti. Nilipochuchumaa pembeni ya tairi na kutazama kwa mshazari, bampa likawa limefifia kuliko madigadi, kana kwamba ni magari mawili. Zile chembe za alumini hulala kufuatana na mkono wa fundi: umbali wa bunduki ya rangi, presha ya upepo, rangi ikiwa nzito na mbichi au nyepesi na kavu. Namba ya rangi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado bati likakataa. Ndiyo maana fundi mzuri wa silva hapulizi kipande kimoja na kukata pale kinapoishia, anaifuta rangi taratibu kuelekea bati la jirani. Ukienda kukagua gari la silva, lizunguke kwa mshazari kabla hujafungua boneti.

Picha zenyewe ni suala la saa. Mchana jua letu liko utosini: boneti linaungua kuwa jeupe tupu, milango inabaki giza. Dar jua linazama kati ya kama saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza letu halina subira. Watu wengi hufunga kamera jua likizama. Mimi ndipo ninapoanza. Kwa dakika kama 15 anga lote la magharibi linakuwa taa moja kubwa laini. Elekeza ubavu wa gari huko, simama ukilipa anga mgongo, na utaona mwanga unateremka mlangoni kutoka weupe wa juu hadi kijivu cha chini bila kukatika. Asubuhi kinyume chake: jua linatoka baharini, na ufukweni mwanga huo unaupata kama saa 12 alfajiri, kabla ya wauza mihogo.

Lakini mwanga peke yake utalifanya gari lionekane kama kipande cha sabuni. Silva inahitaji weusi wa kuazima. Tafuta mahali ambapo nyuma yako kuna mstari wa miti au ukuta mrefu wenye giza. Mstari huo utajichora kwenye mlango, na mara moja bega la gari linajitokeza. Pasipo na miti nimewahi kuwashikisha vijana wawili turubai jeusi nyuma yangu. Walinicheka sana. Wakaona picha, wakanyamaza. Na vaa nguo nyeusi au kijivu, chuchumaa kimo cha taa za mbele.

Kamera ikiachiwa iamue itakosea, kwa sababu inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Gari la silva mbele ya ukuta mweusi litaungua. Shusha mwanga kidogo. Kwenye simu, gusa gari kwenye kioo halafu vuta chini. Usitumie lenzi pana ya 0.5, inalipa gari pua ya tembo. Rudi nyuma hatua kumi na utumie mara 2 au mara 3. Kivulini rangi itavuta bluu, kwa hiyo piga picha moja ukiwa umeweka karatasi nyeupe juu ya boneti, uitumie kurekebishia nyingine zote. Kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, kinapunguza mng'ao wa vioo na klia, ila chembe za alumini hazikisikii. Usitarajie miujiza kinayofanya juu ya maji.

Kijivu kisicho na chembe, ile rangi ambayo Audi wanaiita Nardo na mafundi wetu wanaitania kuwa gari limeishia kwenye praima, yaani rangi ya msingi, ni mnyama mwingine. Haiazimi sana. Hiyo ipe mwanga wa ubavuni na vivuli vikali, hata jua la saa kumi linaivumilia.

Mwisho wa kazi, geuza matairi ya mbele kwa usukani ili rimu ikutazame, si kashata za tairi. Na angalia kibao cha namba. Njano yake ndiyo rangi kali kuliko zote kwenye picha ya silva, jicho linakimbilia hapo kwanza. Nakifunika kwa kibao cheusi, nikimaliza nakifunua palepale kabla ya kuwasha gari, maana kuna siku nilisahau hadi kwenye taa za makutano ya Morocco hapa Dar, na askari wa usalama barabarani hakuwa na muda wa somo la mwanga.