Simba na taji kwenye muhuri wa Kiholanzi

Dada, umeuliza kama simba na taji kwenye muhuri wa lakiri (nta ya kufungia barua) wa babu wa mumeo ni ushahidi kwamba ukoo wao ulikuwa wa makabaila. Havithibitishi hivyo. Uholanzi mtu hakuhitaji kibali cha mfalme ili awe na nembo, yaani ngao yenye alama za ukoo wake. Mfanyabiashara, hata mkulima, aliweza kujibunia yake. Na taji, wapo waliolibandika kwa madaha tu.

Kabla ya kuhangaika na simba (wamejaa kila mahali kule!), mulika ngao kwa taa ya pembeni uangalie michirizi. Lakiri haionyeshi rangi, kwa hiyo tangu karne ya 17 wachongaji walizoea kutumia alama: mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, vitone ni dhahabu, na patupu ni fedha. Rangi ndizo zitakazotenganisha koo kumi zenye simba yuleyule. Kama ngao ni mbili ubavu kwa ubavu, hiyo kwa kawaida ni ndoa: ya mume iko kushoto kwako unapoitazama. Ila kama ulichonacho ni kile chuma cha kugongea muhuri kwenye lakiri, kila kitu kimegeuzwa, kwa hiyo kigonge kwanza.

Ukishapata rangi, fungua kitabu cha Rietstap chenye orodha ya nembo za koo, kisha uwaulize CBG, kituo cha historia ya koo kule Den Haag. Usitafute kwa jina la ukoo peke yake. Watu wasio na undugu wowote hubeba jina moja, na nembo ya mmoja si ya wote.

Picha ya karibu ya ngao ingesaidia sana.