Urani ya kuyeyushwa ardhini: maswali yenu na majibu

Tangu Julai 2025, mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani, madini ya mionzi yanayotumika kama nishati ya vinu vya nyuklia, ulipozinduliwa Mkuju, wilayani Namtumbo, wengi mmeniandikia kuhusu njia ya kuyeyusha urani hukohuko chini na kuivuta juu kwa pampu. Mimi ni mtu wa visima vya maji, miaka mingi sasa, na nitajibu kwa jicho hilo.

"Watatoaje madini bila kuchimba shimo? Mimi naona kiini macho." (Msomaji, Songea)

Hakuna kiini macho. Chukua kipande cha jiwe la mchanga, kile kinachomomonyoka kidogo ukikisugua kwa kidole, ukidondoshee maji. Tone linazama huku unaangalia. Mwamba wa namna hiyo, ukilala chini ya ardhi kati ya matabaka mawili ya mfinyanzi, unapitisha maji polepole kama chujio.

Na urani yenyewe ililetwa pale na maji. Maji yenye oksijeni huichukua kidogo kidogo kutoka kwenye miamba ya juu, yakashuka nayo ndani ya mchanga, mpaka yakutane na mabaki ya mimea ya kale au madini ya chuma na salfa. Hapo oksijeni inaisha na urani inaganda. Kwenye kipande kilichotolewa na mashine ya kuchoronga unaweza kuona mpaka huo: upande mmoja rangi ya kutu, upande wa pili kijivu. Urani imejikusanya hapo zinapokutana rangi mbili.

Mchimbaji anarudisha kazi hiyo nyuma. Anachoronga visima vingi, vingine vya kuingizia dawa na vingine vya kuvuta. Dawa ni maji yaliyotiwa asidi ya salfuriki, au, pale mwamba ulipo na chokaa nyingi inayokula asidi, maji yenye oksijeni na bikaboneti (jamii ya magadi) kama wanavyofanya Marekani. Urani inayeyuka tena, inafuata maji mpaka kwenye pampu.

"Mbona inafanana na kazi yetu ya marudio?" (Mchenjuaji, Geita)

Umeona sawasawa, kaka. Nyinyi mnamwaga sayanaidi juu ya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu ya kwanza kutolewa, dhahabu inayeyuka, kaboni inainasa. Huku badala ya kaboni wanatumia punje ndogo za plastiki maalumu, saizi ya ulezi hivi, zinazoshika urani maji yakipita. Baadaye punje zinaoshwa, urani inagandishwa, inakaushwa na kutiwa kwenye mapipa. Ndiyo ile wanayoiita keki ya njano. Maji yaliyobaki yanaongezwa dawa na kurudishwa chini.

Tofauti ni moja, na ndiyo inayoninyima usingizi. Tangi lako lina sakafu uliyoijenga mwenyewe na unaweza kuikagua. Kule sakafu na kuta ni mfinyanzi uliolala gizani, pengine mita mia kadhaa chini, na hakuna aliyeuona wote.

"Ni kweli Kazakhstan wanatumia njia hii peke yake?" (Mwanafunzi, Dodoma)

Karibu yote. Nchi hiyo inatoa takriban asilimia 40 ya urani ya dunia, hasa kwenye mabonde ya Chu-Sarysu na Syrdarya, nyika kame yenye watu wachache. Mwaka 2024 kampuni ya taifa, Kazatomprom, ilipunguza malengo yake, na sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa asidi ya salfuriki. Hapo utaona ni asidi kiasi gani inayoingia ardhini.

"Mimi nataka jibu moja tu. Maji yetu ya kunywa yatakuwaje?" (Mama wa watoto wanne, Namtumbo)

Mama, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, na sitakupa jibu la kukubembeleza.

Ulinzi upo. Pampu zinavuta maji mengi kidogo kuliko yanayoingizwa, ili mkondo uelekee ndani ya eneo la kazi. Kuzunguka eneo hilo kunachorongwa visima vya uangalizi, na maji yake yanapimwa kila mara. Bomba la kisima linazungushiwa saruji ili dawa isipande kwenye tabaka la juu. Yakifanywa kwa uaminifu, haya yanafanya kazi.

Lakini asidi haichagui. Ikishayeyusha urani, inayeyusha pia radiamu, metali yenye mionzi, na metali nyingine zilizokuwa zimetulia kwenye mwamba. Maji ya tabaka lile hayanyweki tena, na kuyasafisha ni kazi ya miongo. Huko Stráž pod Ralskem, kaskazini mwa Ucheki, walianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuacha mwaka 1996. Waliingiza takriban tani milioni 4 za asidi. Juu ya tabaka walilolifanyia kazi kuna tabaka jingine lenye maji ya kunywa, na jirani kulikuwa na mgodi wa kawaida uliokuwa ukipampu maji, ukavuruga mkondo wa chini. Uchimbaji umekwisha karibu miaka 30 sasa, usafishaji bado unaendelea.

Namibia walisimama mapema. Mwaka 2021 serikali yao ilifuta vibali vya kuchoronga kwenye bonde la Stampriet, kwa sababu wafugaji na miji midogo ya kule wanategemea maji hayohayo ya chini.

Kwa Mkuju, mpango wa awali ulikuwa mgodi wa wazi, kisha wazo la kuyeyusha ardhini likaingia, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, inayofuatilia Pori la Selous lililo jirani, ikaeleza wasiwasi wake. Msimamo wangu ni huu: tabaka ambalo watu wanalinywa, au watalihitaji kesho, lisiguswe kwa njia hii.

"Na sisi wa Bahi?" (Msomaji, Bahi, Dodoma)

Urani inayotajwa kwenu iko karibu na uso wa ardhi, kwenye udongo wa mbuga. Haijalala chini kati ya matabaka mawili ya mfinyanzi, hivyo njia hii haiwafai. Mna maswali yenu mengine, hasa ya mashamba ya mpunga, tutayarudia.

"Mikutano ikija kijijini, tuulize nini?" (Mjumbe wa serikali ya kijiji, Ruvuma)

Ulizeni kina cha tabaka watakalolitumia, na kina cha visima vyenu. Ulizeni nani atapima maji asiyelipwa na mgodi, na fedha za usafishaji zimewekwa wapi kabla ya kazi kuanza.

Lakini msisubiri mkutano. Niliwahi kuitwa kijiji kimoja ambako maji ya kisima cha zahanati yalibadilika ladha baada ya kazi za uchorongaji jirani. Muuguzi alinipa kikombe, maji yalikuwa na ukakasi wa chuma. Kampuni ikasema yalikuwa hivyo tangu zamani, na hatukuwa na karatasi hata moja ya kuwajibu. Chukueni daftari sasa hivi, mwandike kila kisima: mahali kilipo, kina chake, mwaka kilipochimbwa. Pelekeni sampuli zipimwe maabara, majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, na nakala moja ikae shuleni.