Mfuniko wa sitaha umeoza, nitengenezeje mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao ya zamani hapa Tanga, ina sitaha upande wa mbele na tundu la kushukia ngamani tunakoweka nyavu na barafu. Mfuniko wake umeoza, kusi ikichachamaa kila wimbi linalopanda linaishia ndani, vijana wanafua maji mpaka mikono inawauma. Silikoni nimepaka weee, wapi. Sasa nataka mpya kabisa, dukani wananiambia nichukue marini bodi ile nyeusi, inafaa? Na bawaba zikae upande gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo bodi nyeusi iache hukohuko dukani, ile ni ya kumwagia zege, jina la marini lisikubabaishe. Ukishaikata zile kingo zinanyonya maji na baada ya muda inaachana tabaka tabaka kama chapati. Plaiwudi yoyote ukiitilia shaka omba kipande, kichemshe kwenye sufuria masaa kadhaa, kikianza kufumuka umeshapata jibu. Ya boti kweli ni ile yenye muhuri wa BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, ila bei yake inauma, kwa hiyo mie ningetafuta mvule au mtiki uliokauka vizuri, mbao za milimita 20 hivi, uziunge ulimi kwa mfereji, yaani ulimi wa ubao mmoja uingie kwenye mfereji wa mwenzake, na chini ukaze mikanda miwili ya mbao ya kuzikatiza.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukingo, yaani ile fremu iliyosimama juu ya sitaha kuzunguka tundu. Watu wanahangaika na mfuniko kumbe maji yanapita chini ya ukingo. Chukua bisibisi uchomechome kwenye kona na pale ukingo unapokutana na sitaha, ikizama kirahisi hapo pameoza, toa yote mpaka ufike kwenye mbao ngumu. Kabla hujakata kitu pima kona kwa kona, boti ya zamani hukaa ikajikunja, vipimo viwili vikitofautiana jua tundu si mraba tena, basi kata kwanza boksi la karatasi lifuate tundu lilivyo, usilazimishe. Ukingo mpya uwe na kimo cha sentimita 10 au zaidi. Silikoni ikwangue yote, maana rangi haishiki juu yake, badala yake weka sialanti ya poliyurethani, ile gundi ya kuzibia maungio. Matundu ya skrubu toboa mapana kidogo, jaza epoksi, ikikauka ndo utoboe tena saizi yake, hapo hata maji yakifuata skrubu hayagusi mbao. Skrubu ziwe stenlesi ya 316, za chuma cha kawaida zitakulilia kutu sitaha nzima.

Mfuniko uushukie ukingo kwa nje kama sentimita 3, na uache nafasi ya milimita chache pande zote kwa sababu mbao ikilowa inavimba, ukibana sana siku ya mvua hutaufungua!

Bawaba weka upande wa omo, yaani mbele ya boti. Wimbi likipanda likikuta mfuniko uko wazi linausukuma unajifunga wenyewe. Ukiziweka upande wa tezi, yaani nyuma, utapata upepo mtamu kule ndani ila na bahari nayo itaingia.

Ukishabandika raba ya kuzuia maji kwa ndani ya mfuniko, pale unapokalia ukingo, paka chaki juu ya ukingo, funga, kaza komeo, halafu fungua utazame. Mstari wa chaki kwenye raba ukikatika mahali, hapo ndo patavuja, ongeza unene wa raba hapohapo.