Maswali ya Wasomaji: Kukata Kucha Nyumbani bila Kupigana na Mnyama

SWALI: Daktari, tunaye mbwa jike wa miaka minne, mpole kwa kila mtu, lakini siku ya kukatwa kucha hatumtambui. Mume wangu humkandamiza sakafuni nami hukata haraka haraka, huku mbwa akilia na kujikojolea. Mara ya mwisho alimng'ata mume wangu kidole. Siku hizi akisikia tu droo ya mkasi ikifunguliwa, hukimbilia chini ya kitanda. Kucha zake ni nyeusi tii, na tumekwisha kumtoa damu zaidi ya mara moja. Je, tuziache zikue, au ipo njia nyingine? Tunaye pia paka ambaye hatujathubutu kumgusa.

JIBU: Mbwa wenu hana ukaidi, ana kumbukumbu. Alikandamizwa akaumia, na kila kilichokuwapo siku ile, yaani droo, mlio wa mkasi na mikono yenu wenyewe, kwake sasa ni dalili ya maumivu yanayokuja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkizidisha nguvu ya kumshika mtazidisha hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyomng'ata mume wako.

Kuziacha kabisa, hata hivyo, kuna madhara. Ukucha mrefu unaogonga sakafu kila hatua husukuma kidole juu na kumfanya mnyama abadili namna anavyokanyaga, jambo ambalo mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hulilipia zaidi. Ule ukucha wa pembeni, ulio juu kidogo upande wa ndani wa mguu wa mbele, haugusi ardhi wala hausagiki, na unaweza kujikunja hadi ukachoma nyama. Ukiona ukucha umefikia hapo au umepasuka, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumpa dawa ya kumtuliza kabla ya kuanza kazi. Msijaribu kumtuliza kwa vidonge vya binadamu. Parasetamoli, kwa mfano, inaweza kumuua paka.

Kama hali haijafikia hapo, uwekeni mkasi kando kwa wiki kadhaa, mfundishe mguu kwanza. Mbwa akiwa ametulia juu ya mkeka usioteleza, mguse bega, kisha mpe kipande kidogo cha chakula anachokipenda sana. Utaratibu huo ni muhimu: mkono utangulie, chakula kifuate, maana ukianza na chakula atajifunza kwamba chakula hutangulia balaa, na baada ya siku chache atakikataa. Akilizoea bega, shuka hadi kwenye goti, kisha unyayo, kisha kidole kimoja ukishike kwa muda wa pumzi moja tu. Akiuvuta mguu, mwachie papo hapo. Wengi huona hapo wanamdekeza, lakini kwa uzoefu wangu mnyama anayejua kwamba ataachiwa akitaka ndiye anayeuacha mguu wake mkononi mwa mtu kwa muda mrefu zaidi.

Mtazameni usoni wakati wote. Mbwa mwenye wasiwasi hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo pasipo usingizi, hugeuza uso pembeni, na weupe wa jicho lake hujitokeza. Akikakamaa ghafla, msishangilie mkidhani ametulia. Mara nyingi huo ni ukimya unaotangulia kung'ata. Rudini hatua moja nyuma, au acheni hadi kesho.

Kwa kuwa mkasi wenu una historia mbaya, nunueni mwingine wenye umbo tofauti na uwekeni mahali pengine, si katika droo ile. Ulazeni chini karibu na chakula chake bila kumgusa nao. Baadaye kateni tambi kavu kwa mkasi huo mbali naye kidogo, maana mlio wake unafanana na wa ukucha unaokatika, na kila mlio ufuatwe na kitafunwa. Kisha gusa ukucha kwa mkasi bila kukata. Siku utakayokata, kata ncha ya ukucha mmoja, mpe chakula chake, funga kazi. Mbwa wengi wana kucha 18, kwa hiyo hata ukikata mmoja tu kwa siku, utakuwa umezimaliza zote ndani ya wiki tatu. Ukitumia siagi ya karanga kumshughulisha, hakikisha haina zailitoli, utamu ambao ni sumu kali kwa mbwa.

Sasa kuhusu kucha nyeusi. Ndani ya ukucha mna sehemu hai yenye damu na mishipa ya fahamu, ambayo katika ukucha mweupe huonekana kwa rangi yake ya waridi lakini katika mweusi haionekani. Kata vipande vyembamba, kiasi cha milimita moja, na kila mara tazama uso wa pale ulipokata. Mwanzoni utakuwa mkavu, unaoelekea weupe kama chaki; ukiona katikati pameanza kutokea duara dogo jeusi au la kijivu, lenye unyevunyevu, simama hapo. Ukipunguza kidogo kila wiki, sehemu hai nayo hurudi nyuma polepole. Mkasi uwe mkali, kwani ulio butu huuminya ukucha kabla ya kuukata, na maumivu hayo humfikia mnyama hata pasipo damu. Damu ikitoka, gandamiza poda ya kuzuia damu au wanga wa mahindi kwenye ncha kwa dakika chache bila kufunua funua, na isipokoma ndani ya dakika 20, muone daktari.

Paka ni rahisi kuliko mnavyodhani. Msubirini asinzie, kisha bonyeza kidole taratibu kati ya vidole vyako viwili ili ukucha ujitokeze, na ukate ile ncha kali peke yake. Kucha mbili au tatu zinatosha kwa mara moja. Mkia ukianza kupigapiga, acha. Msimshike kwa ngozi ya shingo. Paka kijana mwenye gogo la kukwaruza huzitunza kucha zake kwa kiasi kikubwa, lakini za paka mzee hunenepa na kujikunja, kwa hiyo zikaguliwe mara kwa mara.

SWALI: Nimeonyeshwa kwamba sungura akilazwa chali hutulia kabisa na kukatwa kucha bila shida. Je, ni salama?

JIBU: Si salama. Sungura aliyelazwa chali huganda kwa hofu, kama anavyoganda mdomoni mwa mnyama mwindaji, na akizinduka akapiga teke kwa nguvu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Mweke mapajani juu ya taulo, tumbo likiwa chini na makalio yameegemezwa vizuri, kisha toa mguu mmoja mmoja nje ya taulo. Kama miguu ya nyuma haifikiki, mwombe mtu wa pili akate wakati wewe umemshikilia mwili.